Ufunguo Uliogoma Kutoka

Jumatatu jioni niliegesha gari nyumbani, nikaweka gia kwenye P, nikazima. Ufunguo ukagoma kutoka. Nikasukuma gia mbele na nyuma, wapi! Gari lilikuwa limesimama, lakini lenyewe halikujua kuwa liko P. Siku nne ufunguo ulilala garini. Kila usiku nilichomoa waya wa betri isije ikaisha chaji, na kwa kuwa kwetu ni mteremko, nikaweka jiwe kwenye tairi.

Fundi wa kwanza alitaka kushusha gia boksi. Wa pili alifungua kifuniko cha gia tu. Chini yake kuna swichi ndogo inayoliambia gari kuwa gia imefika P. Ilikuwa imeganda kwa uchafu mweusi unaonata.

"Mama, hii ni sukari," akasema. "Kuna mtu kamwaga juisi."

Mwanangu wa miaka 7 alikuwa pembeni. Machozi yakamtoka. "Niliogopa utanichapa."

Nikakumbuka kikombe alichovunja mwezi uliopita, na fimbo niliyoshika. Siku nne aliniona nikihangaika na jiwe, akanyamaza. Nilimfundisha mwenyewe kunyamaza.

Fundi alisafisha swichi, ufunguo ukatoka. Sasa nikiegesha, sitegemei P peke yake. Navuta na hendibreki. Na mtoto akimwaga kitu, naleta kitambaa kwanza. Tunafuta pamoja, maneno baadaye.

Juzi alikuja mbio: "Mama, nimemwaga chai." Nilifurahi kuliko alivyotegemea.