Nilichosoma Chini ya Subaru

Wenzangu wa ualimu mnazijua likizo zetu. Ukifika nyumbani tu, jirani anakuletea mtoto wa darasa la saba umfundishe hesabu, na mjomba anakuuliza utaanza lini kupokea mshahara. Likizo iliyopita mimi niliyakwepa hayo kwa siku mbili, maana nilikuwa nimelala chali chini ya Subaru Impreza WRX ya kaka yangu, nyumbani Kihonda, Morogoro, tukibadilisha mauntingi za injini. Niseme mapema kwamba hii si makala ya wapenda magari peke yao. Ni makala ya ualimu, ila imepakwa grisi kidogo.

Kwa asiyejua, injini haifungwi kwenye bodi la gari chuma kwa chuma. Inakaa juu ya mauntingi, yaani vipande vya chuma vyenye mpira mnene katikati. Upande mmoja unashika injini, upande wa pili unashika krosmemba, ile boriti ya chuma inayokatiza chini kwa mbele. Kwenye Impreza kuna mbili chini ya injini, kushoto na kulia, na nyingine inabeba giaboksi. Kwa juu kuna mkono mfupi wenye bushi pande zote mbili. Huo unashika giaboksi na ukuta unaotenganisha injini na dereva, ili mzigo wote ule usiinuke na kuinama ovyo.

Mpira huo una kazi mbili zinazogombana. Ya kwanza ni kumeza mtikisiko. Injini ya silinda nne hulipua mafuta mara mbili katika kila mzunguko. Ukiwa kwenye foleni na injini inazunguka mara 750 kwa dakika, hiyo ni milipuko 1,500 kwa dakika, sawa na 25 kila sekunde. Usipoisikia yote mgongoni, shukuru mpira. Kazi ya pili ni kuishika injini isihame. Ukikanyaga mafuta, injini inasukuma magurudumu, na yenyewe inasukumwa upande wa pili. Ni ile kanuni ya tatu ya Newton tuliyoikariri sekondari kwa Kiingereza bila kuiona hata siku moja. Sasa gari lenye tabo nguvu zake zinakuja kwa kishindo. Mpira ukichoka, injini inarushwa huku na huku, rungu la gia linacheza mkononi, na ukiachia klachi unasikia "ngo!" chini ya miguu.

Mpira laini unameza mtikisiko vizuri lakini haushiki sana. Mpira mgumu unashika vizuri lakini haumezi. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani kwetu ulipoanzia.

Kaka yangu ana miaka 29 na anaipenda Subaru kama watu wanavyopenda Simba na Yanga. Colin McRae aliposhinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 kwa Impreza, kaka alikuwa bado anabebwa mgongoni, lakini anavyosimulia utadhani yeye ndiye aliyekuwa anasoma ramani pembeni. Gari lake alilinunua limechoka, akalifufua mwenyewe kidogokidogo. Mauntingi zilikuwa bado za zamani, mpira umepasuka, na ya upande wa kulia imekauka zaidi kwa joto la bomba linalopanda kwenda kwenye tabo.

Alikuwa na njia tatu. Kuweka mpya za kawaida, laini kama zilivyotoka kiwandani. Kuweka zile zinazoitwa Group N, ambazo bado ni mpira ila mgumu zaidi. Jina hilo lilikuwa la kundi la mashindano la magari yanayokaribiana na yale ya kawaida ya barabarani. Au kuweka za poliyurethani, ngumu kuliko zote, ambazo injini inakaa kama imechomelewa. Kaka alitaka za tatu. Mama akasikia.

Ni kwamba hilo gari la mashindano ndilo pia gari la familia. Mama ana tatizo la mgongo, na kila mwezi kaka anampeleka kliniki. Mama hajui poliyurethani ni nini, ila aliuliza swali moja, "Hiyo ngumu, kutikisika kwake kunakwenda wapi?"

Kaka akanyamaza. Jibu lilikuwa kwenye kiti cha abiria. Mtikisiko wa injini hauishi kwa sababu umeweka kifaa cha gharama. Unachochagua ni nani aubebe: mpira, bodi, au mgongo wa mtu. Mama akamalizia, "Mimi siendi mashindanoni, baba. Naenda kliniki." Kaka alizunguka na hilo siku mbili, kisha akaagiza za katikati, Group N. Nilimuuliza kama imemuuma. Akasema, "Dogo, fundi anafunga gari kwa ajili ya anayelipanda." Mimi nimekaa chuo miaka mitatu nikiandika kwamba ufundishaji mzuri humlenga mwanafunzi. Sijawahi kuiandika vizuri hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza tulichomoa betri, tukanyanyua mbele ya gari kwa jeki, halafu tukaliweka juu ya stendi za chuma. Kaka ana sheria moja asiyocheka nayo, kwamba hakuna mtu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Matofali pia hataki kuyaona, kwa sababu tofali la saruji linaweza kupasuka ghafla bila kutoa dalili. Alilisukuma gari kwa bega mara tatu kuhakikisha halichezi, kisha akaniambia na mimi nisukume. "Usiamini mkono wangu. Amini wako."

Kabla hatujafungua kitu, alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa amenikalisha kwenye gari tangu asubuhi, likiwa bado chini, akaniambia niweke kiganja kwenye rungu la gia huku yeye akiwasha na kulisogeza polepole. Halafu akanisimamisha pembeni, boneti ikiwa wazi, nitazame injini inavyoinuka anapoachia klachi. "Umeona nini?" Sio "nitakuonyesha tatizo". Aliuliza nimeona nini, na akasubiri jibu.

Nati za chini zilikuwa na kutu. Tukazipulizia mafuta ya kulegeza, tukaziacha zilale nayo usiku kucha. Vijana wengine wangechukua bomba refu, wakaongeza kwenye mpini wa spana na kuvunja kila kitu. Kaka alikwenda kula.

Siku ya pili tuliweka kipande kipana cha mbao juu ya jeki ya pili, tukaegemeza chini ya sampu, lile bakuli la oili. Mbao ni ya kusambaza uzito, maana jeki tupu inaweza kulibonyeza bakuli. Tukafungua mkono wa juu, tukafungua nati za mauntingi kwenye krosmemba, kisha tukaipandisha injini taratibu, sentimita kwa sentimita. Kazi yangu ilikuwa kuangalia injini isiguse feni za rejeta na mabomba ya maji yasivutike. Kila baada ya kupandisha kidogo alikuwa anauliza, "Juu kukoje?" Nami najibu.

Upande wa kushoto alifanya yeye, polepole, na kila boliti aliyofungua aliniuliza inashika nini. Upande wa kulia akanipa spana. Na wa kulia ndio mgumu, kwa sababu bomba la tabo liko pale, na gari la usukani wa kulia lina shafti ya stelingi hapohapo. Mkono unaingia lakini jicho haliingii. Boliti moja iliyokataa kabisa aliilegeza yeye robo mzunguko tu, akarudisha mikono mgongoni, akakaa kimya. Kimya hicho, jamani, ni kigumu. Nilikuwa namsikia anavyopumua, anajua kabisa ningeshika wapi, na hasemi.

Mauntingi mpya ilipoingia, alinionya nisikaze. Boliti zote zianzwe kwa vidole kwanza. Injini ishuke, uzito wake ukae juu ya mpira, ndipo nati za chini zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo wa gari. Ukikaza moja hadi mwisho mapema, zenzake zinakosa matundu.

Tulipomaliza, akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Haya, nieleze tumefanya nini. Anzia betri." Nikaeleza hatua zote. Kila hatua akauliza, "Kwa nini?" Huo ndio ulikuwa mtihani wangu, hauna alama, na sitausahau.

Jioni tulitoka na Mama hadi barabara ya Dodoma na kurudi. Rungu la gia limetulia, ule mlio umekwisha. Hukumu ya Mama ilikuwa fupi: "Likisimama linatetemeka kidogo. Likitembea liko sawa." Mhandisi asingesema tofauti.

Sasa nirudi kwetu chuoni. Muhula uliopita tulifundishwa mbinu shirikishi. Tulikuwa mamia ukumbini, wa nyuma wamesimama, mhadhiri anasoma slaidi, na jaribio likauliza, "Taja sifa tano za mbinu shirikishi." Nilizitaja zote tano na nikapata zote. Tulisoma pia Vygotsky, yule mwanasaikolojia Mrusi aliyefariki mwaka 1934, na wazo lake la pengo lililopo kati ya kile mtoto anachoweza akiwa peke yake na kile anachoweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Nililijibu kwenye mtihani. Nililielewa pale kaka alipolegeza boliti robo mzunguko na kurudisha mikono mgongoni.

Sisemi nadharia haina maana. Bila Vygotsky nisingejua kaka amefanya nini. Ningedhani ni upole tu. Ninachosema ni kwamba tunakwenda kufundisha katika shule ambazo tangu mwaka 2024 zimeanza kupokea mkondo wa amali, baada ya Sera ya Elimu kuhuishwa mwaka 2023. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule isitenganishe kichwa na mikono. Sisi ndio tutakaopewa chaki, na wengi wetu hatujawahi kumtazama fundi mmoja akifundisha kijana wake kwa siku nzima. Kwenye mazoezi ya kufundisha tunakaguliwa andalio la somo. Tungeweza pia kupewa wiki moja gereji, au kwa fundi cherehani, au kwa seremala, tuandike tunachokiona.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linaloniuma. Kaka aliishia kidato cha pili. Baba alipofariki, mmoja ilibidi aende kazini, naye ndiye mkubwa. Alianza gereji kwa kushika tochi. Mimi nilipofika kidato cha tano, godoro, nauli na ada vilitoka kwenye spana zake. Leo gereji zinazolipa vizuri zinamuomba cheti, naye hana. VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza ufundi kazini na kumpa cheti akifaulu. Nilipomwambia alicheka. "Nikafanye mtihani na uzee huu?"

Haogopi injini. Anaogopa karatasi. Mtu aliyenitahini kwa "kwa nini" kumi na mbili chini ya gari anaamini kwamba yeye hana akili ya shule, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Nikamwambia mimi, kama mwalimu mtarajiwa, kwamba ni mwalimu kuliko mimi. Akaguna, akaniambia nimletee fomu asome kwanza. Hajasema ndiyo. Tumekubaliana likizo ijayo tukae naye, yeye aulize na mimi nimsubiri, bila kumkimbiza.

Nadhani si mimi peke yangu humu chuoni niliyeletwa na mikono ya mtu asiye na cheti. Kama unaye wa kwako, dereva, mshonaji, mama lishe, fundi, likizo ijayo mshikie tochi hata siku mbili. Mtazame anavyofundisha. Kisha muulize kama anajua kuna mahali ujuzi wake unaweza kupimwa na kuandikwa. Wengi hawajui, na sisi ndio tunaolipiwa kujua.