Bunduki Zisizofyatua Risasi

Miramar ni kitongoji cha Wellington, New Zealand, jirani na uwanja wa ndege. Hapo ndipo ilipo Weta Workshop, karakana iliyotengeneza silaha na deraya za filamu za The Lord of the Rings. Msanii wake mmoja, Greg Broadmore, alichora bunduki za mionzi za kubuni kwa mtindo wa stimupanki, unaochanganya mitambo ya enzi za mvuke na ndoto za kesho. Michoro ikageuzwa vifaa vya chuma na kioo, vikauzwa kwa wakusanyaji, idadi yake ikiwa maalumu. Si midoli, wala havifyatui risasi. Kinacholipiwa ni wazo.

Mzazi, mwanao akichora dude lisiloeleweka, usiutupe mchoro. Mwulize linafanyaje kazi, kisha andika nyuma jina lake na tarehe.