Shinyanga, daladala ni baiskeli

Alfajiri, njia ya kutoka Old Shinyanga kuingia mjini hujaa baiskeli: mama na ndoo ya nyanya, fundi na msumeno wake, mwanafunzi nyuma ya baba yake. Hapa ukiambiwa panda daladala, usitafute Hiace. Ni baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma.

Bodaboda ni ya haraka, na kwa anayekwenda machimboni Geita, kwenye vilima na umbali, haina mpinzani. Lakini Shinyanga ni tambarare, na baiskeli hainywi petroli. Nusu saa kwa siku, siku tano, mzazi ametimiza dakika 150 za mazoezi ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa wiki. (Abiria wa nyuma hahesabiwi.)

Kinachotisha ni mguu wa mtoto. Unaning'inia jirani na spoki. Ukinaswa, kisigino huchunika, hata mfupa huvunjika. Mtoto avae viatu vya kufunika, si kandambili, awe na pa kukanyagia, na gurudumu la nyuma lizibwe pande zote mbili kwa plastiki ngumu au wavu. Fundi baiskeli wa chini ya mti anaweza kuifunga hiyo wakati mzazi anasubiri pancha.