Mwenye zamu usiku huu ni nani?

Hii tumeiandika vijana wanne pamoja, ndiyo maana mtasoma "sisi" mpaka mwisho. Tunaishi muzigo mmoja kule Nsambya, hapa Kampala: chumba kimoja, magodoro mawili, na mlango unaofungukia korido ya wapangaji wengine. Wawili tumetoka Goma, mmoja Bukavu, mmoja Rutshuru. Leo tunataka kuongea kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunacho lakini mchana hatukitaji: kuamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena.

Ilianza na mvua ya mawe. Mnaolala chini ya mabati mnaujua mlio ule. Mdogo wetu aliruka kutoka godoroni, akashika mfuko wa makaratasi (ule mfuko wa plastiki wenye kitambulisho, picha mbili tatu na cheti cha shule), akafungua mlango, akakimbia nje peku. Macho yalikuwa wazi, lakini mwenyewe hakuwa Nsambya. Alikuwa kwenye barabara ya kwenda Bunagana. Jirani akaona mtu anakimbia gizani na mfuko, akapiga kelele: "Mubbi! Mubbi!" Ni neno la Kiganda la mwizi. Na mnajua, mtu akiitwa hivyo usiku, watu hawaulizi maswali. Wawili walishatoka na fimbo.

Aliyemwokoa ni Jajja mwenye nyumba. Alitoka na tochi na kanga begani, akasimama katikati yao: "Huyo ni wangu! Mwacheni!" Asubuhi akatuita. "Vijana wangu, bambi, nawahurumia. Lakini hapa kuna watoto, na siku nyingine mimi naweza kuchelewa kufika. Ikitokea tena, mtatafuta pengine." Hatukukasirika. Alisema ukweli. Siku nyingine tungeweza kuzika mtu.

Jioni hiyo tukakaa wanne kuongea, na hapo ndipo tulipogundua kitu cha ajabu kidogo. Tulidhani mwenye shida ni mdogo wetu peke yake. Mmoja akasema, "Hata mimi saa tisa huwa niko macho." Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu pia. Kumbe kwa miezi tulikuwa tunalala wanne chumba kimoja, wote macho, kila mtu amejifunika na kujifanya amelala ili asiwasumbue wenzake. Tulicheka, halafu tukanyamaza. Kila mtu alikuwa peke yake, hatua mbili kutoka kwa mwenzake.

Tukaenda kuuliza. Katika kituo kimoja cha vijana tulikutana na mshauri aliyetueleza mambo kwa lugha ya kawaida. Tunayaandika kama tulivyoyaelewa, pamoja na tuliyoyasoma baadaye.

Kwanza, kuamka usiku si ugonjwa. Usingizi wa binadamu huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kati ya mzunguko na mzunguko unakaribia kuamka, au unaamka kabisa. Kadiri asubuhi inavyokaribia, usingizi unakuwa mwepesi zaidi. Kila mtu anaamka, ila wengi hugeuka upande wa pili na asubuhi hawakumbuki. Mwanahistoria Roger Ekirch alikusanya maandishi mengi ya Ulaya ya zamani yanayotaja usingizi wa kwanza na usingizi wa pili: watu walilala, wakaamka usiku wa manane, wakasali au kuongea kidogo, wakalala tena. Hata kwetu, wazee wanaoamka usiku kuswali au kuomba hawajiiti wagonjwa. Kwa hiyo shida yetu si kuamka. Shida ni kinachoanza baada ya kuamka.

Na kwetu kinachoanza tunakijua. Moyo unapiga mbio kabla hata hujajua kwa nini. Mwili umejifunza kwamba mlio wa usiku ni amri ya kukimbia, na kwa kweli siku zile ulituokoa. Lakini mwili hausomi kalenda. Hauambiwi kwamba tumevuka mpaka. Bodaboda ikipiga mlio wa moshi pale njiani, kanisa la jirani likifungua spika kwa maombi ya usiku kucha, panya akiangusha sufuria, mwili unasema: amka, chukua mfuko.

Mshauri alituonyesha njia ya kujirudisha pale ulipo. Unakaa, unabana nyayo mbili sakafuni, unatoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, halafu unataja vitu vitano unavyoviona, unavyovisikia na unavyovigusa. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chenye mazoezi ya namna hiyo mwaka 2020. Na hapa Uganda mafunzo ya aina hiyo yalijaribiwa na wanawake 694, wakimbizi wa Sudan Kusini, kambini Rhino Camp kule kaskazini. Walikutana mara 5, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa, wakafanya mazoezi. Miezi mitatu baadaye, dhiki yao ya moyo ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Kilichopimwa pale kilikuwa dhiki, si usingizi peke yake. Lakini kusikia kwamba mama zetu wa Rhino Camp wamefanya, sisi tukaona aibu ya kusema eti haya ni mambo ya wazungu.

Ila kutaja vitu vitano gizani ni kazi. Tukatengeneza ya kwetu. Mtu akiamka na hofu, anaambiwa maneno matatu, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha nyumbani: "Tuko Kampala. Ile njo mvula. Mlango umefungwa." Kama si mvua, unataja kitu chenyewe: ile njo boda, ile njo panya, ile njo maombi. Usimwambie mtu "usiogope." Ameshaogopa tayari. Mwambie yuko wapi na mlio ni wa nini.

Sasa, nani anasema maneno hayo? Hapa ndipo tulipofika kwenye zamu, na kama mtakumbuka kitu kimoja tu kutoka kwetu, tunaomba kiwe hiki.

Tulipokuwa tunakimbia, tulilala kwa zamu. Mkilala kwenye darasa la shule au kandokando ya barabara, kulikuwa daima na mtu mmoja macho: baba, mjomba, au yaya mkubwa. Ndiyo maana watoto walilala hata pale. Mtoto hakulala kwa sababu mahali ni salama. Alilala kwa sababu mtu mkubwa alikuwa macho. Tulipofika Kampala tulipata mlango na kufuli, tukasema hatari imekwisha, tukaacha zamu. Mwili ukaona hakuna aliye macho, ukachukua kazi yenyewe. Kila mtu akawa mlinzi wake, usiku mzima, kila usiku.

Basi tukarudisha zamu. Lakini ya Kampala si ya kukesha, maana asubuhi kuna kazi na shule. Mwenye zamu analala kama wengine, ila analala karibu na mlango, na yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuamshwa. Ukiamka na moyo unapiga, hutakiwi kulala pale ukijifanya jasiri. Unamgusa mguu. Anasema maneno matatu. Kama unataka kuongea, mnaongea kidogo. Kama hutaki, anakaa na wewe. Usiku unaofuata zamu ni ya mwingine. Wa kwanza tuliona haya kumwamsha mtu. Siku hizi mwenye zamu asipoamshwa anauliza asubuhi, "Mbona mmeniacha?"

Kitu cha pili ni simu. Kampala iko mbele ya Goma kwa saa moja, kwa hiyo kwetu ikiwa saa tisa, kwa mama ni saa nane. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 walipouchukua mji wa Goma, na katikati ya Februari Bukavu, simu zetu zilikuwa haziachi kutetemeka usiku. Video, sauti, majina ya mitaa. Ukiamka, mkono unaenda kwenye simu kabla macho hayajafunguka. Unasema nitaangalia kama kuna ujumbe wa mama tu, kumbe unafika saa kumi na moja unaangalia maiti za watu usiowajua. Siku hizi simu tatu zinazimwa data na kuwekwa juu ya jerikeni kule mlangoni. Simu moja tu, ya mwenye zamu, inaachwa wazi kwa ajili ya kupigiwa. Familia zote nne zina namba zetu zote. Kukiwa na jambo la kweli, itaita. Video inaweza kusubiri jua.

Kitu cha tatu kilitushangaza: kama usingizi hauji, toka kitandani. Njia hii iliandikwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972 na bado inafundishwa. Ukilala macho kwa muda mrefu unapigana na usingizi, kichwa kinajifunza kwamba godoro ni mahali pa kupigana. Unatoka, unafanya kitu kidogo kisicho na mwanga mkali, unarudi ukianza kusinzia. Tukauliza, "Mtu mwenye chumba kimoja anatoka kwenda wapi?" Jibu letu ni kigoda. Kiko pembeni, na ni cha kazi hiyo tu. Unakaa pale, unakunywa maji, unaosha miguu, mwingine anasali, mwingine anakunja nguo. Saa hatuangalii, maana ukijua ni saa kumi unaanza kupiga hesabu ya usingizi uliobaki, na hesabu hiyo inaamsha kuliko chai.

Kuna njia nyingine ambayo tuliijaribu na tunaikanya. Mmoja wetu alinunua vidonge vya diazepam kwenye duka la dawa, bila daktari. Wiki ya kwanza alilala kama jiwe. Baadaye kimoja hakikutosha, akaanza viwili, na asubuhi alikuwa anatembea kama amelewa. Dawa hizo mwili unazizoea, na kuziacha ghafla ni hatari. Ilibidi daktari amsaidie kuzipunguza polepole. Msipeane vidonge. Na kama ndoto mbaya ni ile ile kila usiku, au unaona heri usiamke tena, hilo si la zamu peke yake. Mwenye zamu akusindikize mchana kwa mtaalamu. Ndoto zina matibabu yake, na mengine hayahitaji hata kidonge. Mdogo wetu anafanyiwa moja: mchana, akiwa na mshauri, anaisimulia upya ndoto yake na kuipa mwisho mwingine anaouchagua mwenyewe, kisha anaurudia kila siku. Kwenye mwisho wake mpya, barabara ya Bunagana inafika kwa Jajja.

Sasa neno kwa ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana tunajua mnasoma hapa. Tuna daftari karibu na kigoda. Mtu akiamka na wazo linalozunguka, analiandika, na tumekubaliana kulijibu mchana. Mwisho wa mwezi wa kwanza tulisoma daftari lote. Ya vita yalikuwapo, ndiyo. Lakini mengi yalikuwa haya: kodi ya tarehe 5. Ada. Kitambulisho kinachokaribia kwisha muda. Mama hajapokea simu siku tatu. Ninyi mnajua kwamba sisi tuliochagua Kampala badala ya kambi inabidi tujitegemee. Kwa hiyo mkituuliza, "Mnalala vizuri?", tunaomba mfuate na swali la pili: "Mnadaiwa kodi?" Pumzi ndefu inarudisha moyo mahali pake, na tunashukuru. Kodi hailipi. Mwenzetu mmoja alipopata kazi ya kushona, alilala wiki nzima bila kumwamsha mtu.

Hatusemi tumepona. Mmoja wetu bado anaamka karibu kila usiku, na mwingine bado hawezi kulala mpaka aguse kufuli mara tatu. Lakini wiki iliyopita mvua kubwa ilirudi saa tisa. Mdogo wetu alikaa wima, mkono ukaenda kwenye mfuko. Hakufika mlangoni. Alimgusa mwenye zamu mguu, akaambiwa, "Tuko Kampala. Ile njo mvula. Mlango umefungwa." Akauliza, "Kweli?" Akajibiwa, "Kweli, lala." Mfuko akauweka chini ya kichwa, akalala. Sisi wengine wawili tulikuwa macho, tumesikia yote, hatukusema kitu. Na sisi tukalala.

Asubuhi Jajja alikuwa anafagia maji koridoni. Akatuangalia mmoja mmoja, kama anahesabu. "Mvua ile, mliisikia?" "Tuliisikia, Jajja." Akaendelea kufagia.

Kama unaishi na wenzako, waulize leo jioni ni nani huwa macho saa tisa. Kama unaishi peke yako, tafuta mtu mmoja ambaye mtapeana ruhusa ya kupigiana simu usiku, na mkubaliane maneno yenu matatu. Halafu kabla ya kuzima taa, ulizeni swali ambalo sisi tunauliza kila siku: mwenye zamu usiku huu ni nani?