River Road: Barabara ya wanaosali kati ya mteja na mteja

Wengi wetu tukisikia jina River Road hushika mfuko kwanza. Ni jina lililochafuka tangu zamani. Mtu akileta cheti cha kutiliwa shaka, utasikia watu wakinong'ona kwamba kimechapishwa River Road. Mwandishi Meja Mwangi aliipa barabara hii sifa hata ng'ambo kwa riwaya yake ya mwaka 1976, Going Down River Road, ambayo ni hadithi ya vibarua wa mjengo, pombe na umaskini. Basi ukimwambia mzazi wako wa mashambani kwamba unakwenda huko kusikiliza watu wakisali, atakutazama mara mbili.

Hata hivyo, nakuomba leo unifuate. Chagua siku ya kazi, saa saba mchana. Simu iweke mfuko wa ndani, na mkoba uubebe mbele kama mama abebavyo mtoto anayemwogopea.

Tuanzie upande wa Ronald Ngala Street, tuelekee Globe. Mkono wa kushoto, nyuma ya majengo, iko Tom Mboya Street. Mkono wa kulia mteremko unakwenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, na chini zaidi ni Mto Nairobi, uliozaa jina la barabara hii. Mkokoteni utakupita sikioni, mwenyewe akipiga mluzi badala ya honi. Kuna maduka ya mbegu na dawa za mifugo, mafundi wa saa, mafundi wa nguo, gesti za bei nafuu, na makarani wa mabasi wanaokuvuta mkono hata kama huna safari. Harufu ni ya nyama choma, mukimo na moshi wa dizeli.

Juu ya kelele hizo zote ni nyimbo. River Road lilikuwa soko kuu la muziki nchini kwa muda mrefu, na miaka ya kaseti mwimbaji wa injili kutoka Murang'a au Machakos alikuwa hajafika mpaka kaseti yake ilie katika vibanda vya hapa. Leo wimbo hutiwa katika kadi ya simu, na filamu za hapa zimepata jina lao wenyewe, Riverwood. Lakini bado utaona kijana aliyebeba gunia la mitumba akisita mlangoni pa duka, asikilize ubeti mmoja wa kumsifu Mungu, kisha aendelee na mzigo wake. Hanunui kitu, na mwenye duka hamfukuzi.

Inua macho sasa, utazame ghorofani. Katika majengo haya ya zamani yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, ngazi ni nyembamba na zina giza. Ghorofa ya pili, kati ya cherehani na bohari ya viatu, kuna chumba chenye viti vya plastiki, ngoma na kipaza sauti. Hiyo ndiyo ibada ya mchana. Haina kengele wala vioo vya rangi. Watu huingia mmoja mmoja, tepu ya fundi ikining'inia shingoni, wakasali dakika ishirini au thelathini, wakarudi kazini. Wengine hawaketi kamwe. Husimama karibu na mlango ili mteja akiita wasikie.

Si ibada zote za hapa nitakazozisifu. Yupo mhubiri anayemwambia mama aliyefukuzwa nyumba kwamba akitoa sadaka ya shilingi elfu moja Mungu ataifanya elfu mia moja. Katika barabara yenye sifa ya vitu bandia, msomaji, imani nayo haikosi yake ya bandia. Ukitaka kuitambua, tazama inavyomtendea mtu aliyelemewa. Je, inampa kitu au inamnyang'anya?

Nilimuuliza fundi mmoja wa nguo, mama wa makamo anayeshona sare za shule, anapata nini kule juu.

"Mama, ukisali shida huisha?" nikamuuliza.

"Mwanangu, kodi haiishi," akajibu huku akivuta uzi kwa meno. "Lakini nikikosa siku tatu, watakuja kuniuliza kama niko hai. Nyumbani kwangu ni nani mwingine ataniuliza?"

Nimelipima jibu hilo kwa jambo zito kuliko kodi, jambo lililotokea mwendo wa dakika chache tu kutoka hapa. Ijumaa, Agosti 7, 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani, pembeni mwa Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Watu 213 walikufa hapa Nairobi na zaidi ya 4,000 wakajeruhiwa. Ufundi House, jengo la jirani, liliporomoka. Wengi walipofuka kwa sababu walikuwa wamekimbilia madirishani kutazama kishindo cha kwanza, na kishindo cha pili kikawapasulia vioo machoni. Matatu ziliacha abiria zikageuka ambulensi. Watu wakapanga foleni kutoa damu, na hakuna aliyeulizwa kabila wala dini.

Watu wa umri wangu na zaidi wanamkumbuka mwanamke mmoja aliyekwama chini ya kifusi cha Ufundi House. Alikuwa hai, na sauti yake ilisikika. Mwanamume aliyefukiwa karibu naye aliongea naye gizani, na alipookolewa baada ya zaidi ya saa 30 aliwaambia waokoaji wasimwache. Waokoaji, wakiwemo wanajeshi kutoka Israeli, walichimba usiku na mchana. Nchi nzima iliomba. Makanisani, misikitini, katika matatu na majikoni, aliombewa kama dada wa kila mtu. Jumatano alipofikiwa, alikuwa ameshakata roho.

Msomaji, hapa ndipo mahubiri mengi hukwama. Ni rahisi kushuhudia kwamba uliomba ukapata. Ni shida gani kusema kwamba nchi nzima iliomba na haikupata! Wapo waliojaribu kueleza sababu za Mungu, nami nadhani wangenyamaza. Marafiki wa Ayubu walimfaa sana zile siku saba walizoketi naye chini bila neno. Walipofungua vinywa ndipo wakamzidishia majonzi. Na katika Zaburi kuna moja, ya 88, inayoanza kwa kilio na kumalizika gizani, bila faraja yoyote mwishoni. Waliokusanya kitabu hicho hawakuificha. Aliyefiwa ana ruhusa ya kuisali vivyo hivyo ilivyo.

Tena kuna kisa cha Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii amechoka hata anaomba afe, analala chini ya mti. Malaika anapomjia hamhubirii. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, kisha anampa tena. Safari na maagizo vilikuja baadaye. Mwenye hoteli ya River Road anayempa mtu aliyefiwa chai na chapati kwa deni huenda hajui kwamba anafanya kazi ya malaika.

Baada ya mlipuko, madaktari na washauri walisikiliza walioathirika kwa miezi mingi. Kabla ya hapo wengi wetu tulidhani ushauri nasaha ni mambo ya Wazungu, na Mkristo anayeuhitaji amepungukiwa imani. Sidhani hivyo, na mchungaji anayemzuia muumini wake kumwona mshauri au daktari anamkosea. Ukiwa hulali, huli, au unawaza kujidhuru, mwambie mtu leo, si Jumapili ijayo.

Kabla hatujatoka upande huu wa mji, pitia Race Course Road, hatua chache kutoka River Road, ulione kanisa la Mtakatifu Petro Claver. Ni la miaka mingi, na jina lake halikufaa mahali pengine kuliko hapa penye wapagazi. Claver alikuwa padri Mhispania wa karne ya 17 aliyehudumu Cartagena, katika nchi ambayo leo ni Kolombia. Meli za watumwa kutoka Afrika zilipotia nanga, yeye alishuka chini mahali walipolundikwa, mikononi akiwa na chakula, maji na dawa. Mafundisho yalifuata.

Kisha, kama una watoto, wapeleke kule mlipuko ulipotokea. Tangu mwaka 2001 ni bustani ya kumbukumbu. Kwa miguu, rudi Ronald Ngala Street, uvuke Tom Mboya Street hadi Moi Avenue, kisha ushuke mpaka Haile Selassie. Kuna nyasi, viti, na ukuta ulioandikwa majina ya waliokufa. Mchana makarani hukaa pale na chakula chao, na wengine hulala kidogo kwenye nyasi, viatu vikiwa kando, kofia usoni, mpaka saa nane iwadie.