Chombo Kisichoacha Vigae

Mnunuzi wa mjini akiishika gorfa yangu, hutazama kauri na mikanda ya ngozi. Mwanamke wa hapa Rapsu, Isiolo, kaskazini mwa Kenya, hufunua kifuniko akanusa kwanza. Kwetu Waborana gorfa ni chombo cha maziwa, urembo hufuata.

Nyuzi zake hutoka kwenye mizizi ya ergamsa, kichaka chenye miiba. Naichimba ardhi ingali laini, naibambua, naichana, kisha nailoweka, maana uzi mkavu hukatika. Fungu moja la nyuzi huwa kiini, jingine huzongwa juu yake, na msharasi hutoboa njia ya mshono. Naanzia kitakoni, mzunguko juu ya mzunguko. Nikifika begani napunguza mzingo kidogo kidogo mpaka shingo ibane. Hapo ndipo naweka mistari iliyoinuka, ile ambayo mama mkwe ataikagua kabla hajamkagua bibi harusi.

Lakini hicho bado si chombo. Hukoshwa kwa maji ya moto, husuuzwa kwa maziwa mabichi, kisha hufukizwa: vijinga vya mgunga tunaouita burkuke hutiwa ndani, kifuniko kikafungwa, nawe ukitikise kisije kikaungua. Moshi hukipa rangi na harufu, na huyalinda maziwa yasiharibike. Kila kikioshwa, hufukizwa tena. Ndani yake maziwa ya ng'ombe huganda yakawa ititu; ukiyaondoa maji yake na kuongeza maziwa mapya, hukaa hata miezi miwili.

Binti yangu alinionyesha kwenye simu vyungu vya Wahopi wa Arizona, Marekani, vilivyofinyangwa bila gurudumu, vikachorwa kwa jani la yuka lililotafunwa ncha na kuchomwa kwa samadi ya kondoo. Fundi wao Nampeyo, aliyefariki mwaka 1942, aliifufua michoro ya kale kwa kuchunguza vigae vya Sikyatki, kijiji kilichohamwa karne kadhaa kabla yake. Nilimwonea wivu. Gorfa haiachi kigae. Mchwa na mvua huimaliza yote. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, viliwafilisi wafugaji wa Isiolo na kuwasukuma watu kambini, na vyombo vilivyopotea huko hakuna wa kuvifukua. Mishono mingine ya nyanya yangu siioni tena mikononi mwa yeyote.

Siku hizi Rapsu ni mashamba ya kumwagilia, na baada ya ukame ulioanza 2020 ng'ombe ni wachache. Maziwa ya ngamia yaendayo Eastleigh, Nairobi, husafiri kwa jerikeni. Siwalaumu wauzaji, jerikeni hainunuliwi kwa msimu mzima wa kuchimba mizizi. Zinazonikera ni gorfa ndogo za kuwauzia wageni, mshono mpana kama wavu, zikapakwa rangi ya viatu ili zionekane zimekula moshi.

Wasichana wanaojifunza kwangu nawaanzisha na kitako peke yake. Kikifika kimo cha kiganja, namimina maji. Nyuzi zilizobanwa vizuri huvimba na kuziba. Zilizolegea huendelea kudondosha. Kikidondosha, mwenyewe hukifumua, na kauri zake hubaki mfukoni mwangu.