Kanuni za Ukurasa na Pumzi ya Mshororo

Aliyezoea kusikia shairi likighanwa anajua kwamba mshororo una mahali pake pa kupumulia. Mizani 8 za ukwapi zikitimia, sauti hutua kidogo, kisha utao huanza. Wanakili wa zamani, walioandika tenzi kwa hati za Kiarabu, waliijua siri hiyo; mara nyingi walitia alama ndogo baina ya kipande na kipande, ili jicho litue pale pale ulimi utakapotua.

Siku hizi ukurasa hupangwa na kiolezo, yaani ukurasa mtupu wenye amri ndani yake. Amri hizo zimekwisha kuamua upana wa safu, ukubwa wa herufi, nafasi baina ya mistari na mahali pa anwani. Mhariri humimina maneno tu, na kompyuta huyakata na kuyapanga ili toleo la kumi lifanane na la kwanza. Jambo hili si baya. Jarida linalogeuza sura kila litokapo humchosha msomaji kabla hajasoma neno. Tena washairi wa pwani ndio watu wa mwisho wa kulalamikia sare: bahari nayo ni kiolezo, na atiaye mizani 9 penye 8 hukosolewa papo hapo.

Wala kanuni hizo hazikuanza na kompyuta. Mwaka 1947 Jan Tschichold, bingwa wa uchapaji mzaliwa wa Leipzig, alianza kazi Penguin Books huko Uingereza. Vitabu vya shirika hilo vilipigwa chapa na wachapaji mbalimbali, kila mmoja na desturi yake. Tschichold aliwaandikia wote kanuni za kurasa 4. Kuhusu mashairi, aliagiza kwamba mstari wa kwanza wa kila ubeti, kuanzia ubeti wa pili, uingizwe ndani kidogo, isipokuwa pale ambapo mshairi mwenyewe ameonyesha umbo lisilokubali jambo hilo. Katika hilo "isipokuwa" mna adabu kubwa. Mtu mkali, aliyepima hata nafasi baina ya herufi na herufi, alimwachia mshairi mlango.

Miaka 30 baadaye, Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliona kurasa za majaribio za chapa mpya ya kitabu chake, akachukizwa na sura yake. Akaanza kutunga programu aliyoiita TeX. Programu hiyo haikati mstari mmoja kisha ikausahau. Huitazama aya nzima, hulinganisha njia za kuikata, na kuchagua ile yenye ubaya mdogo kuliko zote. Ubaya wenyewe huhesabiwa kwa tarakimu. Mwanafunzi wake, Frank Liang, alikamilisha mwaka 1983 utafiti wa kuifundisha mashine pa kulikatia neno la Kiingereza likifika ukingoni.

Lakini sikio la Kiingereza halisikii mizani. Mtazame mbwa na mbuzi. Wote wawili huanza kwa herufi zile zile, na wote ni mizani 2. Hata hivyo katika "mbwa" ile m hujitegemea, ni mizani kamili, na katika "mbuzi" imeshikamana na silabi yake. Mtoto wa Kiswahili hahitaji kufundishwa. Mashine huona herufi tu; asipokuwapo wa kuiambia, haitajua kamwe.

Yako na madogo yenye kuudhi zaidi. Mshairi akifanya inkisari, akaandika 'mekuja kwa amekuja, huanza neno kwa kiritifu. Programu nyingi za kuandikia hudhani hapo pamefunguliwa usemi, zikaigeuza alama kichwa chini, na msomaji akabaki akingojea usemi usiofungwa.

Kubwa kuliko yote ni upana. Mshororo wa mizani 16 ukitiwa katika safu nyembamba hukatwa popote nafasi inapokwisha. Maneno mawili ya utao huangukia chini peke yake, kina cha kati hupotea ndani ya mstari, na shairi likafanana na habari ya bei ya karafuu. Kanuni imetimizwa barabara, na shairi halipo.

Hata hivyo kosa si la kanuni kuwa kali. Ni kwamba haikuambiwa kipande ni nini. Kwa kompyuta ule mshororo ni herufi kadhaa na nafasi kadhaa, basi. Wataalamu walioanza mwaka 1987 kutunga mwongozo wa kuhifadhi maandishi katika kompyuta, uitwao TEI, waliliona hilo: mwongozo wao una alama ya ubeti, alama ya mshororo, na alama ya kituo kilicho katikati ya mshororo. Alama hizo haziamui sura. Husema tu kitu hiki ni nini, na sura huamuliwa na kiolezo baadaye.

Kiolezo kilichoambiwa hivyo kinaweza kupewa amri fupi: ukurasa ukiwa mpana, andika vipande viwili sambamba, ukiwa mwembamba, kata kwenye kituo, si kwingine. Ndipo hata katika kioo cha simu utao hushuka chini ya ukwapi, mizani 8 juu na mizani 8 chini, na kina cha kati kikasimama mwisho wa mstari wake, mahali ambapo mghani angevuta pumzi.